Mbwa Mzee Anapoanza Degedege: Hatua za Kufuata Ukishuku Uvimbe wa Ubongo

Mbwa aliyefika miaka saba bila kuanguka hata mara moja, kisha akaanguka leo, usiharakishe kusema ana kifafa cha kawaida. Kile kifafa cha mbwa kisicho na chanzo kinachoonekana, ambacho kwa sehemu hurithiwa, kwa kawaida huanza kati ya miezi sita na miaka sita. Kikianza baada ya hapo kuna jambo limekileta: sumu au dawa imeingia mwilini, au kiungo kama ini, figo au kongosho kimeshindwa kazi yake, au tatizo limo ndani ya ubongo wenyewe. Katika kundi hili la mwisho, kwa mbwa wazee, uvimbe ndio unaoongoza.

Dozi zilizotajwa humu ni za kukusaidia kuelewana na daktari wa mifugo na kukagua hesabu za ulichoandikiwa. Fenobabitali na diazepamu, dawa za kuzuia na kukatiza degedege, ni dawa zinazodhibitiwa, huuzwa kwa cheti, na dozi ya mbwa hailingani na ya mtu.

Kwanza kabisa: kichaa cha mbwa

Kwa mbwa wa huku kwetu, swali la mwanzo si uvimbe. Tafuta kadi ya chanjo. Jiulize kama aliwahi kung'atwa na mbwa mwingine miezi ya karibuni, kama sauti yake imebadilika, kama anashindwa kumeza, kama anatokwa na udende usiokatika au anang'ata vitu ovyo. Chanjo ikiwa imepitwa na wakati na ugonjwa umekuja ghafla, mfungie mahali peke yake, usimtie mkono mdomoni, na umpigie simu daktari wa mifugo kabla ya kumpakia kwenye gari.

Mtu yeyote aliyeng'atwa, au aliyerukiwa na mate kwenye kidonda au jicho, aoshe sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 (jicho kwa maji tu, bila sabuni), kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Muda hutenganisha magonjwa haya mawili. Mwenye kichaa huzidiwa siku hata siku na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi tangu dalili zianze. Mwenye uvimbe huinuka baada ya degedege, akarudi kuwa kama alivyokuwa au karibu na hapo, na anaweza kukaa wiki kadhaa kabla hajaanguka tena.

Degedege ikiwa inaendelea

1. Tazama saa. Hii ni kazi ya sekunde moja na watu wengi huisahau. Degedege nyingi huisha ndani ya dakika moja hadi tatu, ingawa mtazamaji huapa zilikuwa kumi. Ikipita dakika tano, hiyo ni dharura. Mbili au zaidi ndani ya saa 24 nazo ni dharura, hata kama kila moja ilikuwa fupi.

2. Mfungue mnyororo. Mbwa wa ulinzi wengi huanguka wakiwa wamefungwa, na mnyororo unaweza kumkaba wakati anatupa miguu. Kama huwezi kufikia kola bila kukaribia meno, fungua upande wa nguzo.

3. Ondoa mbwa wengine. Mbwa waliolelewa pamoja miaka mingi wanaweza kumshambulia mwenzao anayetukutika. Wafungie kwanza, kisha rudi kwa mgonjwa.

4. Sogeza vitu badala ya kumsogeza yeye: viti, ndoo, mawe. Kama yuko ukingoni mwa ngazi, shimo au karo, mvute kwa miguu ya nyuma au kwa blanketi.

5. Usimtie kitu mdomoni, iwe kijiko, kitambaa au vidole. Mbwa hamezi ulimi wake. Maziwa na mafuta anayomiminiwa huishia kwenye mapafu, na nimonia yake huweza kumuua mbwa ambaye degedege isingemuua. Kumnusisha kitunguu au kiatu hakuzuii chochote.

6. Punguza mwanga na kelele, kisha mtu mmoja achukue video kwa simu. Video ionyeshe uso na miguu yote minne. Upande ulioanza kukakamaa ni habari muhimu kwa daktari, na hutaukumbuka kesho yake.

7. Mtukutiko mrefu hupandisha joto. La kawaida kwa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likifika 41 ubongo na viungo vingine huanza kuumia. Mmwagie maji ya bomba tumboni, kinenani na kwenye nyayo, na umpepee. Usitumie barafu, maana hubana mishipa ya ngozi na kuzuia joto kutoka. Likishuka hadi 39.5 acha, la sivyo litaendelea kuporomoka lenyewe kupita kiasi.

Diazepamu ya kuweka nyumbani

Kwa mbwa ambaye tayari ameanguka zaidi ya mara moja, mwombe daktari akuachie diazepamu ya sindano, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, kwa ajili ya kumpa kwa njia ya haja kubwa. Kumtafutia mshipa mbwa anayetukutika si kazi ya nyumbani. Vidonge navyo havifai saa hiyo, kwa kuwa hawezi kumeza.

Kipimo kinachotumika ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa ambaye tayari anatumia fenobabitali kila siku huhitaji miligramu 2 kwa kilo, kwa sababu fenobabitali hulifanya ini livunje diazepamu haraka. Dawa hii kwa kawaida huwa na miligramu 5 katika kila mililita, ndani ya kichupa cha kioo cha mililita 2. Kwa hiyo mbwa wa kilo 20 asiyetumia fenobabitali atahitaji miligramu 20, ambazo ni mililita 4, yaani vichupa viwili. Andika hesabu ya mbwa wako kwenye karatasi na uibandike kwenye boksi la dawa. Saa nane za usiku hakuna mtu anayezidisha sawasawa.

Vuta dawa kwa sindano, ondoa sindano, kisha uweke kwenye ncha ya bomba mpira laini uliopakwa Vaseline. Uingize sentimita chache, sukuma dawa yote, halafu ushikilie mkia chini kwa dakika moja ili isirudi. Dozi inaweza kurudiwa, lakini isizidi mara tatu ndani ya saa 24. Kama ya pili haijamtuliza, uwe tayari uko njiani kwenda kliniki.

Kosa linaloharibu mpango huu ni kuivuta dawa mapema na kuiacha ndani ya bomba la plastiki ili iwe tayari. Diazepamu hunyonywa na plastiki na hupotezwa nguvu na mwanga. Mwezi mmoja baadaye utamsukumia mbwa maji yasiyo na dawa ya kutosha. Iache ndani ya kioo, ndani ya boksi lake, gizani.

Siku ya kwanza baada ya kuinuka

Akiinuka atakuwa kama mgeni. Huenda asione kwa muda, akagonga ukuta, akazurura bila kusimama, akataka kula kila kitu, au akamng'ata anayemlisha kila siku. Hali hii huchukua dakika chache hadi siku moja au mbili. Mwache kwenye chumba kidogo kisicho na ngazi, na watoto wakae mbali.

Pima sukari kama una kile kifaa cha watu wa kisukari. Choma pembeni mwa sikio kwa ndani, bonyeza, chukua tone. Chini ya milimoli 3.3 kwa lita ni ndogo mno. Vifaa vya watu huelekea kusoma chini kidogo kwa damu ya mbwa, kwa hiyo namba iliyo mpakani irudiwe maabara. Sukari ikiwa chini na mbwa yuko macho, mpake asali kwenye fizi, kisha mpe chakula kidogo. Mbwa mzee mwenye sukari inayoshuka mara kwa mara anaweza kuwa na uvimbe, lakini wa kongosho unaomwaga insulini na si wa ubongo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Halafu fikiria siku saba zilizopita, na usimfiche daktari kitu hata kama kinakuaibisha. Je, aliogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe? Alichomwa sindano ya ivermektini iliyokusudiwa mifugo mikubwa? Mbwa wa ukoo wa Collie wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo hata kwa dozi ndogo kuliko za wengine. Alitibiwa ugonjwa wa ndorobo kwa diminazini? Dawa hiyo ikizidi humwaga damu kwenye ubongo wa mbwa, na mbwa ni mwepesi wa kudhurika kuliko ng'ombe. Kuna sumu ya panya au ya konokono uani? Jirani amepiga dawa shambani? Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati na kabameti huleta degedege, pamoja na udende, kuhara na mboni za macho zilizosinyaa.

Huenda si degedege

Mambo mawili huwapotosha wenye mbwa wazee. La kwanza ni kuzimia kwa sababu ya moyo: mbwa huanguka akikimbia au akikohoa, hulegea badala ya kukakamaa, na ndani ya sekunde chache anasimama akiwa na akili zake timamu. La pili ni ugonjwa wa ghafla wa sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani ya mwili. Kichwa huinama upande mmoja, macho yanachezacheza bila kutulia, mbwa anabiringika na kutapika. Inatisha kuliko degedege, lakini fahamu zake ziko palepale, na wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku tatu. Mbwa kadhaa wameuawa kwa dawa siku ya kwanza ya ugonjwa huu kwa kudhaniwa wana uvimbe. Wape siku hizo tatu.

Mbwa wa ulinzi wanaolala nje wanaweza kuanguka usiku kwa miezi bila mtu kujua. Asubuhi tazama mate yaliyokauka shingoni, mkojo au kinyesi mahali anapolala, kidonda kwenye ulimi, kucha zilizovunjika, na mchanga uliochimbika kama umepigwa teke kwenye duara. Mwambie askari wa zamu nini cha kuangalia. Yeye ndiye aliye macho.

Dalili zinazoelekeza kichwani

Katika mbwa wengi wenye uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, degedege ndiyo dalili ya kwanza, na baina ya degedege moja na nyingine daktari anaweza kumpima asione kasoro yoyote. Uvimbe ukiwa mbele kabisa, eneo la kunusa, hali hiyo huweza kudumu wiki nyingi. Kwa hiyo kuambiwa kwamba yuko sawa hakufuti shaka katika umri huu.

Unachoweza kuona nyumbani kabla ya daktari ni haya. Anazunguka duara daima upande uleule. Kwa uvimbe wa mbele ya ubongo, upande huo kwa kawaida ndio wenye uvimbe. Anakula nusu ya sahani na kuacha nusu nyingine kana kwamba haipo. Ukigeuza sahani anamaliza. Anagonga vitu kwa upande mmoja tu. Anakwama kwenye kona na hajui kurudi nyuma. Anasukuma kichwa ukutani na kubaki hapo. Ameanza kukojoa ndani baada ya miaka ya adabu, au amekuwa mkali kwa watu anaowajua. Dalili ikiwa ya upande mmoja na inazidi wiki hata wiki, shaka ya uvimbe huwa kubwa kuliko ya magonjwa ya damu, ambayo huathiri pande zote sawa na hupanda na kushuka.

Aina ya mbwa nayo husema kitu. Wenye nyuso fupi kama Boxer, Boston Terrier na Bulldog wa Kifaransa hupata zaidi glioma, uvimbe unaotokana na seli za ubongo wenyewe. Wenye pua ndefu kama German Shepherd, Collie na Golden Retriever hupata zaidi meninjioma, unaokua kutoka kwenye utando wa nje na kuukandamiza ubongo. Meninjioma ndio uvimbe unaoanzia kichwani unaokutwa zaidi kwa mbwa kwa jumla. Mbwa wa kienyeji hakingwi na chochote kati ya hivi.

Vipimo: anza na vya bei nafuu

Watu hukimbilia kuuliza bei ya MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, wakati shilingi za kwanza zinapaswa kwenda kwenye damu. Mpangilio unaofaa ni huu.

Kwanza, picha ya damu pamoja na tone lililopakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Huku kwetu kupe na mbung'o huleta vimelea viitwavyo babesia, erlichia na trypanosoma (hiki ndicho cha ndorobo), na vyote vinaweza kufika kwenye ubongo. Mbwa mwenye ndorobo mara nyingi ana homa, na macho yake hugeuka ya buluu yenye ukungu.

Pili, sukari akiwa hajala, vipimo vya ini na figo, kalsiamu na chumvi za damu. Shinikizo la damu lipimwe kama kifaa kipo.

Tatu, picha ya eksirei ya kifua, na altrasaundi ya tumbo. Si kila uvimbe wa ubongo ulizaliwa kichwani. Saratani ya matiti, ya wengu na ile nyeusi ya mdomoni (melanoma) husafiri. Jike ambaye hakufungwa kizazi apapaswe chuchu zote kuanzia kifuani hadi kinenani. Uvimbe wa matiti ni wa kawaida sana kwao uzeeni. Ikionekana mapafu yamejaa saratani iliyosambaa, MRI haina kazi tena na pesa hiyo ibaki kwa dawa.

MRI ndiyo inayoonyesha uvimbe vizuri kuliko kipimo kingine. CT, yaani eksirei inayounganishwa na kompyuta, huona meninjioma nyingi lakini hukosa mambo ya nyuma ya ubongo. Kwa MRI mbwa lazima apewe nusukaputi, na kwa mbwa mwenye shinikizo kichwani nusukaputi ina hatari yake. Kuchukua maji ya uti wa mgongo kufanyike baada ya picha: yakivutwa wakati shinikizo liko juu, ubongo unaweza kusukumwa chini kwenye tundu la fuvu na mbwa akafa palepale. Jambo jingine la mpangilio: steroidi (kama prednisoloni) ikianzishwa kabla ya picha, inaweza kuficha uvimbe wa limfoma au uambukizo wa ubongo. Kama una nia ya kwenda MRI ndani ya siku chache na mbwa anahimili, muulize daktari kama steroidi isubiri.

Mashine ya MRI ya wanyama ni adimu Afrika Mashariki. Pa kuanzia kuuliza ni hospitali za vyuo vya mifugo: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro, Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere. Msomaji aliye Ulaya au Marekani aombe rufaa kwa daktari bingwa wa neva za wanyama.

Wengi hawatafika kwenye MRI, na hilo si mwisho wa matibabu. Mbwa wa miaka kumi mwenye degedege mpya, damu safi, kifua safi na dalili za upande mmoja hutibiwa kama mwenye uvimbe. Daktari hukadiria, na makadirio hayo mara nyingi huwa karibu na ukweli.

Dawa za kila siku

Kwa mbwa mzee mwenye shaka ya uvimbe hatusubiri aanguke mara ya tatu. Dawa ya kuzuia degedege huanza mapema, kwa kuwa chanzo hakitaondoka.

Fenobabitali ndiyo ya kwanza kwa sababu ni rahisi na inapatikana. Huanza na miligramu 2.5 hadi 3 kwa kilo, kila baada ya saa 12. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni miligramu 50 hadi 60. Vidonge vikiwa vya miligramu 30, ni viwili asubuhi na viwili jioni. Saa 12 maana yake saa 12: mbwa anayepewa saa mbili asubuhi na tena saa kumi jioni hubaki na pengo la saa 16 usiku, na huko ndiko anakoangukia.

Wiki mbili za mwanzo atayumba miguu ya nyuma na kulala sana. Hapo ndipo wenye mbwa huacha dawa wakidhani inamuua. Vumilia, isipokuwa kama hawezi kusimama au kula. Dawa hufika kiwango chake cha kudumu baada ya takribani siku 14, kwa hiyo usihukumu kabla ya hapo. Pima kiwango cha dawa kwenye damu wakati huo, na tena kila miezi sita. Kinachotakiwa ni mikrogramu 15 hadi 35 kwa mililita. Juu ya 35 ini liko hatarini. Damu iwekwe kwenye chupa isiyo na jeli ya kutenganisha, maana jeli hunyonya dawa na kutoa jibu la chini la uongo, kisha daktari anaongeza dozi isiyohitajika.

Levetirasetamu ni nzuri kwa mbwa ambaye ini lake si zima: miligramu 20 kwa kilo kila baada ya saa 8. Tatizo lake ni hizo saa 8 na bei. Akiwa pia kwenye fenobabitali, mwili huiondoa haraka na dozi huhitaji kupandishwa. Vidonge vya kutoa dawa taratibu visipondwe wala kukatwa. Ile ya maji ya watoto isome lebo kwanza: ukiona xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari, iache dukani, maana huporomosha sukari ya mbwa na kuua ini.

Potasiamu bromidi, miligramu 30 hadi 40 kwa kilo kwa siku, huongezwa pale fenobabitali peke yake haitoshi. Huchukua karibu miezi mitatu kufika kiwango chake, na mbwa mwenye uvimbe mara nyingi hana miezi hiyo mbele yake. Chumvi huifukuza mwilini: mbwa aliyezoea ugali mkavu akimalizia siku moja mabaki ya dagaa wa chumvi, kinga yake dhidi ya degedege hushuka.

Prednisoloni haizuii degedege moja kwa moja. Hupunguza maji yanayouzunguka uvimbe. Miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku, pamoja na chakula, asubuhi. Vidonge vikiwa vya miligramu 5, mbwa wa kilo 20 huanza na viwili hadi vinne. Ndani ya siku moja hadi tatu utaona mbwa mwingine: anaacha kuzunguka, anakuita akitaka chakula. Usidhani uvimbe umeyeyuka na usiiache ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo.

Haya yasichanganywe kamwe na prednisoloni: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, kaprofeni. Vidonda vya tumbo hutoboka, na dalili ya kwanza huwa kinyesi cheusi kama lami. Kinyesi hicho kikionekana, simu kwa daktari siku hiyohiyo.

Fenobabitali na prednisoloni zote mbili huleta njaa, kiu na mkojo mwingi, na zikikutana hukuzalia mbwa anayefukua jalala, anayemaliza ndoo ya maji na anayekojoa anapolala. Maji usimnyime. Chakula gawa mara tatu au nne kwa jumla ileile ya siku, funika takataka, na mtoe nje usiku wa manane. Mpime uzito kila wiki mbili.

Hakuna dawa kati ya hizi inayokatizwa ghafla. Fenobabitali ikikosekana siku mbili inaweza kuleta degedege isiyokoma hata kwa mbwa aliyekuwa ametulia. Nunua nyingine vidonge vikibaki vya wiki mbili, na kabla ya sikukuu uhakikishe duka litakuwa wazi.

Daftari

Safu tano zinatosha: tarehe na saa, muda wa degedege, ilianza upande gani, alichukua muda gani kurudi sawa, na dawa zilizotolewa au kusahaulika siku hiyo. Ongeza mstari mmoja wa hali yake kila Jumapili: anakula, anakuja akiitwa, anajua mlango uko wapi. Kwa mbwa wa uvimbe lengo halisi si sifuri. Degedege moja fupi katika wiki sita, na siku nzuri katikati, ni matibabu yanayofanya kazi. Bila daftari, kila anguko jipya huonekana kama dawa imeshindwa, na dawa hubadilishwa ovyo.

Kuutibu uvimbe wenyewe

Meninjioma iliyo juu ya ubongo, karibu na fuvu, inaweza kukatwa na daktari mpasuaji mwenye ujuzi huo. Mionzi hutolewa kwa vipindi 15 hadi 20, au kwa njia mpya ya mionzi iliyolengwa kwa vipindi vichache, na kila kipindi ni nusukaputi nyingine. Mbwa wengi waliopata mionzi huishi karibu mwaka na wengine zaidi. Kwa vidonge vya kutuliza pekee, tarajia wiki kadhaa hadi miezi michache, na wapo wachache wanaopitiliza. Lomustini hutumika kwa glioma, lakini hushusha chembe nyeupe za damu na kuumiza ini, na faida yake ni ndogo kuliko ya mionzi.

Mbwa wa miaka 13 mwenye figo zilizochoka asisafirishwe nchi nyingine kwa upasuaji kwa sababu tu pesa ipo. Mwenye miaka minane, mwenye afya mwilini na uvimbe unaofikika, hilo linafaa kuzungumzwa.

Siku ya kuamua

Vigezo vya kumlaza moja kwa moja kwa dawa, ili asiteseke zaidi, vipange mapema, mbwa akiwa bado mzima, na familia yote ivisikie. Vinavyotumika zaidi ni hivi: degedege zinazofuatana licha ya dawa mbili kwa dozi kamili; hawezi kusimama kwenda haja; hakutambui kati ya degedege na degedege; amekuwa hatari kwa watoto; siku mbaya kwenye daftari zimezidi nzuri kwa wiki mbili mfululizo. Muulize daktari kama anakuja nyumbani na kama humpa mbwa usingizi kwanza. Ombi hilo ni la kawaida.

Dawa inayotumika kumlaza moja kwa moja ni ya jamii ya babitureti na hubaki kwenye nyama. Zika mita moja au zaidi chini, mbali na kisima, kwa kuwa mbwa wengine, fisi au tai wakimfukua wanaweza kufa nao. Kama shaka ya kichaa haikuondolewa kikamilifu, usizike kabla daktari wa mifugo wa wilaya hajasema kama kichwa kinahitaji kupelekwa maabara. Vidonge vya fenobabitali vilivyobaki virudishwe kliniki au famasi. Visibaki kabatini, na visigawiwe kwa mbwa wa jirani.